Nyumba ya Wageni Isiyo na Mgeni

Mwezi huu tulikusudia kuandika habari za mbegu na mvua kama ilivyo desturi yetu, walakini kuna neno limetukaa kooni tangu Pasaka, wala halimezeki. Afadhali kulisema mbele ya watu wote kuliko kwenda nalo nyumba kwa nyumba likageuka kuwa fitina.

Katika sehemu zetu hizi za magharibi ya Kenya iko nyumba moja ya wageni, mali ya kanisa la Marafiki. Hatutaitaja jina, wala kijiji ilipo, wala wazee wanaoitunza. Wakisoma maneno haya watajijua wenyewe, na sisi nasi tu watu wao, twaabudu pamoja nao kila Jumapili. Nyumba hiyo haikujengwa na tajiri. Mama zetu walibeba maji vichwani kutoka mtoni, baba zetu walipasua mawe, na sisi tuliokuwa watoto wa shule wakati ule tulikwenda kila Ijumaa na tofali, mtoto tofali lake, na aliyekuja mikono mitupu alirudishwa nyumbani. Mjane mmoja alitoa kuku wake wa pekee. Akauzwa sokoni, na fedha ile ikanunua misumari. Siku ya kuifungua nyumba tuliambiwa mambo mawili: kwamba mgeni hatalala nje tena mahali hapa, na kwamba ukumbi wake ni wetu sote, wa kusoma, wa kushauriana na wa kuwapatanisha wanaogombana.

Leo vyumba vina bei iliyoandikwa ukutani, nayo si bei ya mtu wa jembe. Ukumbi hukodishwa kwa watu wa semina watokao mjini na magari yao. Huja na wapishi wao na soda zao, hukaa siku mbili wakizungumza juu ya maendeleo ya watu wa vijijini, na watu wa kijijini huwatazama kupitia ua wa michongoma. Siku zisizo na semina ukumbi hufungwa kwa kufuli.

Kwa muda wa miaka 6 sisi waalimu tulifundisha humo masomo ya ngumbaru, jioni ya Jumanne na ya Alhamisi. Walikuja akina mama 18 na wazee 4. Mzee mmoja katika hao aliandika jina lake kwa mara ya kwanza akiwa na wajukuu 9, akakitazama kile kipande cha karatasi kwa muda mrefu, kisha akakikunja akakitia ndani ya kofia yake. Mwaka jana tukaambiwa tulipe ada ya ukumbi kwa kila jioni, kwa sababu viti vinachakaa. Tukauliza, "Je, viti hivi havikununuliwa na hao hao wanaovikalia?" Hatukujibiwa. Sasa ngumbaru wetu wanasomea chini ya mwembe, na mvua ikija wanakwenda zao.

Hilo tungaliweza kulivumilia. Lililotuvunja moyo ni jambo la juma la Pasaka. Alikuja mama mmoja kutoka mbali, mtoto wake amelazwa katika hospitali iliyo jirani. Saa ya kuwatazama wagonjwa ilipokwisha akaambiwa atoke. Akauliza mahali pa kulala, akaelekezwa kwenye nyumba ya wageni ya kanisa. Naye akafurahi, maana aliposikia neno "kanisa" alidhani amefika. Mlinzi akamsomea bei iliyo ukutani. Mama akafungua kitambaa chake, akahesabu, akakifunga tena. Usiku huo vyumba 7 katika 10 vilikuwa vitupu. Tulimkuta alfajiri tulipokuwa twaenda shuleni, amelala barazani mwa duka la nafaka, nguo zake zimelowa. Tulimpa chai na mahali pa kujikausha. Walakini sisi nasi tulikuwa tumelala vizuri usiku ule, nyumba zetu si mbali na duka hilo, basi hatujitoi katika aibu hii.

Tulipokwenda kusema na wazee wa halmashauri ya nyumba, walitupokea kwa adabu, wakatujibu hivi: "Nyinyi waalimu mwachanganya mambo. Nyumba ya wageni ni mahali pa kulala, na atakaye kulala hulipa. Mafundisho na mikutano ni kazi ya shule na ya kanisa. Ndivyo zilivyo nyumba za wageni za Wakristo mahali pote."

Hasha! Sivyo zilivyo. Na kwa kuwa nyumba yetu ni ya Marafiki, ambao wengine huwaita Wakweka, na kwa kuwa Kenya ndiyo nchi yenye Marafiki wengi kuliko nchi nyingine yo yote ya ulimwengu, yatupasa sisi kuliko watu wote kujua nyumba ya wageni ya Marafiki ni kitu gani. Tuanze kwa ile ya kwanza kabisa.

Mwaka 1652 George Fox, kijana mhubiri mwenye suruali ya ngozi, alifika katika nyumba iitwayo Swarthmoor Hall, kaskazini ya Uingereza. Mwenye nyumba alikuwa hakimu, Thomas Fell, naye siku hizo alikuwa safarini. Mkewe, Margaret Fell, alimkaribisha mgeni kama ilivyokuwa desturi ya nyumba ile, maana wahubiri wasafiri walizoea kulala hapo. Margaret akayapokea mafundisho yake. Hakimu aliporudi hakujiunga na Marafiki, wala hakujiunga nao mpaka kufa kwake mwaka 1658. Walakini aliwaruhusu wafanye mikutano yao katika nyumba yake, na yasemekana kwamba yeye mwenyewe aliketi katika chumba cha pili na kuuacha mlango wazi, apate kusikia. Basi tazameni mwanzo wa jambo hili. Chini ya paa moja mna kitanda cha msafiri na mkutano wa watu wa mahali, na mlango kati yao haukufungwa. Kutoka nyumba hiyo barua zilikwenda kwa Marafiki waliofungwa gerezani, na tangu mwaka 1654 fedha zilikusanywa kwa ajili ya wahubiri waliosafiri na wale walioteswa.

Wasomaji wetu, sikieni lililompata mama huyo. Mwaka 1664 alishtakiwa mbele ya mahakimu huko Lancaster. Je, alishtakiwa kwa kuwapa wageni uji na blanketi? La. Serikali ya mfalme haikujali habari za blanketi zake. Alishtakiwa kwa sababu alifanya mikutano nyumbani mwake, na kwa sababu alikataa kula kiapo, maana Marafiki hawaapi. Mahakimu walimwonyesha njia ya kutokea: atoe ahadi kwamba hatafanya mikutano tena katika nyumba yake, nao hawatamdai kiapo. Hakukubali. Akahukumiwa kifungo cha maisha na kunyang'anywa mali yake, akakaa gerezani mpaka mwaka 1668 alipofunguliwa.

Basi huyo ndiye mama wa ukarimu wa Marafiki. Angaliweza kuchagua nyumba yenye vitanda bila mikutano, akabaki huru na mashamba yake yote. Alichagua gereza. Nasi leo, bila mfalme kututisha, bila hakimu, bila askari hata mmoja mlangoni, tumeifanya wenyewe ile ahadi aliyoikataa yeye. Tena tumeifanya kwa ajili ya viti.

Labda mtu atasema hizo ni habari za zamani za Wazungu, na dunia imegeuka. Haya, tutazame nyumba nyingine ambayo si ya zamani sana, katika nchi ambayo watu wake wengi ni maskini kama sisi. Katika Jiji la Meksiko, karibu na mnara mkubwa wa ukumbusho wa mapinduzi ya nchi ile, katika barabara ya Ignacio Mariscal, iko nyumba iitwayo Casa de los Amigos, maana yake Nyumba ya Marafiki. Kabla haijawa yao ilikuwa nyumba na mahali pa kazi pa José Clemente Orozco, mchoraji mashuhuri aliyepoteza mkono wa kushoto katika ujana wake, naye kwa mkono mmoja akajaza kuta za majumba ya Meksiko kwa picha za vita na mateso ya wanyonge. Orozco alikufa mwaka 1949. Mwaka 1956 nyumba ikafunguliwa kuwa makao ya amani na ukarimu.

Haikuzuka kama uyoga. Tangu mwaka 1939 chama cha huduma cha Marafiki wa Marekani kilikuwa kikipeleka vijana Meksiko katika kambi za kazi. Vijana hao walikwenda kuishi vijijini, wakichimba na kujenga pamoja na wenyeji. Chama hicho kilianzishwa mwaka 1917, na mwaka 1947 kilipewa Tuzo ya Nobeli ya Amani pamoja na ndugu zao wa Uingereza. Nyumba ya Meksiko ni ya ukoo huo, nayo ilijua tangu kuzaliwa kwamba mgeni huja na mikono yake, si na mfuko wake tu.

Sasa twaomba wazee wetu wasikilize vizuri jinsi nyumba hiyo ilivyoendeshwa kwa miaka mingi. Walikuwapo wasafiri waliolipa, wengine katika vyumba vya watu wengi ambavyo bei yake ilikuwa ndogo, wengine katika vyumba vyao peke yao. Wazee wetu hapo watatabasamu, watasema, "Mwaona? Hata wao walitoza fedha!" Naam, walitoza, wala sisi hatukusema ni dhambi kutoza. Walakini malipo ya msafiri yalisaidia kuiendesha kazi ya nyumba, na kazi ya nyumba ilikuwa ni amani na watu waliokimbia makwao. Katika miaka ya 1980 vita viliwaka katika nchi za Amerika ya Kati. El Salvador ilipigana tangu mwaka 1980 mpaka 1992, na vita vya Guatemala vilivyoanza mwaka 1960 havikwisha mpaka mwaka 1996. Watu walikimbilia Meksiko kwa miguu, wengi hawana barua wala jamaa. Nyumba ile iliwahudumia. Tarehe 19 Septemba 1985 tetemeko la ardhi likaliangusha jiji na kuua maelfu ya watu, na nyumba ikaingia katika kazi ya kuwasaidia walioangukiwa. Miaka ilipopita wakaja wakimbizi kutoka nchi za mbali zaidi.

Na hao wote hawakufichwa nyuma ya ua wa michongoma. Msafiri aliyelipa na mkimbizi asiyelipa waliweza kukutana katika meza moja asubuhi. Palikuwa na maktaba, palikuwa na mazungumzo juu ya amani na juu ya watu wahamao, palikuwa na watu wa kubadilishana lugha, huyu akimfundisha yule Kihispania naye akifundishwa Kiingereza. Jumapili Marafiki wa jiji waliketi humo kuabudu. Ibada yao huko ni ya kukaa kimya. Haina nyimbo na mahubiri kama yetu, hata mtu wa kwetu akiingia hudhani labda mhubiri amechelewa. Hilo si neno. Neno ni kwamba aliyekuja kutafuta kitanda alikuta watu, na waliokuja kutafuta mkutano walikuta mgeni ndani yake. Mtu azungumzaye habari za wakimbizi katika chumba ambacho mkimbizi ameketi, ulimi wake huwa mwangalifu. Je, wale wa semina zetu wangesema vile wasemavyo juu ya "watu wa vijijini" kama mzee wetu mwenye karatasi katika kofia angekuwa ameketi katikati yao?

Tena si Meksiko tu. Huko Washington, mji mkuu wa Marekani, Marafiki walifungua nyumba ya William Penn mwaka 1966, karibu na jumba la kutungia sheria. Wanafunzi walilala humo, wakajifunza jinsi sheria zinavyotungwa, wakatoka kwenda kufanya kazi za mikono katika mitaa ya maskini. Lo lote tusemalo juu ya Wamarekani, hao hawakumwambia mwanafunzi kwamba kitanda ni shauri la mlinzi na mafundisho ni shauri la shule.

Tuje kwenye fedha, maana ndipo mshipa wa neno ulipo. Wazee wetu wasema paa linavuja, umeme unalipiwa, mlinzi ana watoto. Yote ni kweli. Nyumba haiendeshwi kwa maombi matupu, na aliyepata kutunza hata banda la kuku ajua. Nyumba kubwa kuliko yetu zimeshindwa na gharama. Huko Birmingham, Uingereza, palikuwa na Woodbrooke, nyumba ambayo zamani ilikuwa makao ya George Cadbury, yule tajiri wa kakao na chokoleti. Mwaka 1903 ilifunguliwa kuwa mahali pa kujifunza na kukaribisha, na Marafiki kutoka pande nyingi za dunia walipita humo. Mwaka 2023, baada ya miaka 120, Marafiki wakaona hawawezi tena kuibeba nyumba ile, wakaifunga. Lakini tazameni walichofunga na walichobakiza. Mafundisho hawakuyafunga, waliendelea nayo kwa njia ya mtandao na katika nyumba nyingine walizoazima. Walipolazimika kuchagua kati ya matofali na kazi, waliyaacha matofali. Sisi tumebaki na matofali. Yamepakwa rangi mpya, na ngumbaru wako chini ya mwembe.

Tena hesabu yenyewe twaitilia shaka. Vyumba 7 vilivyokuwa vitupu usiku ule havikuingiza hata senti moja kwa kumnyima yule mama. Paa halikuziba kwa sababu yeye alilala barazani mwa duka. Kama angalilala ndani, hasara ingalikuwa ni kufua shuka mbili na kikombe cha uji. Ni akina mama wangapi wa kanisa letu ambao wangekataa kufua shuka mbili kwa zamu? Hatujui, maana hawajaulizwa.

Lipo neno lingine ambalo wazee hawakulisema mbele ya watu, ila walitunong'oneza mlangoni: kwamba mikutano huleta siasa. Ukumbi ukiachwa wazi, vijana wataingia na maneno ya vyama, na nyumba ya Mungu itachafuka. Neno hili hatulidharau. Tunakumbuka sote yaliyotokea baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Watu zaidi ya 1,100 waliuawa katika nchi hii, na mamia ya maelfu walifukuzwa makwao, wakalala katika viwanja vya maonyesho, shuleni na makanisani. Hapa magharibi tuliona moshi kwa macho yetu. Walakini twauliza: je, maneno yale ya chuki yalipikwa katika kumbi zilizo wazi, mbele ya wazee na akina mama? Yalipikwa gizani, katika vilabu vya pombe na nyuma ya maduka, mahali ambapo hapakuwa na mtu wa kabila la pili wa kuyasikia. Ukumbi uliofungwa hauzuii siasa; huipeleka tu mahali ambapo mzee hayupo kusema, "Mwanangu, neno hilo lirudishe."

Na dawa ilitafutwa wapi? Mnamo Januari 2008, moshi haujatulia, Marafiki walikutana Kakamega wakashauriana juu ya kazi ya amani. Baada ya hapo katika sehemu zetu hizi yalifanyika mafunzo ya namna iliyokuwa imekwisha jaribiwa Rwanda na Burundi tangu mwaka 2003. Huko watu wapatao 20, nusu wa upande huu na nusu wa upande ule, huketi duara siku 3, wakasema misiba yao na kusikia misiba ya wengine, wakala chakula kimoja. Hakuna anayehutubia. Siku ya kwanza huwa ngumu, watu hutazama sakafu. Yako pia mafunzo mengine ya kuishinda jeuri bila jeuri, ambayo yalianza mwaka 1975 katika gereza la Green Haven huko New York, wafungwa wenyewe walipowaomba Marafiki msaada. Nayo yamefika Afrika ya Mashariki. Basi mafunzo kama haya yataka nini? Yataka chumba chenye viti 20, jiko, choo safi, na mahali pa kulala kwa atokaye mbali. Yaani yataka nyumba ile ile tuliyoijenga sisi kwa matofali ya Ijumaa. Uchaguzi huja kila miaka 5. Twataka viti vyetu vichakae kwa kazi ya namna hii kabla, si tuvikute vizima baadaye, vimepangwa vizuri katikati ya majivu.

Twajua pia methali mtakayotutupia. Tuliisikia siku ile ile, nayo hupenda kutumiwa na watu wenye vyumba vitupu: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Husemwa kana kwamba maana yake ni "siku ya tatu mwonyeshe njia." Nasi twashangaa, maana sisi tuliozaliwa katika nyumba za udongo twajua jembe ni kitu gani. Jembe halipewi mtu anayefukuzwa. Mtu anayefukuzwa hupewa fimbo yake na chakula cha njiani. Apewaye jembe ni mtu wa nyumbani, ataingia shambani pamoja na wenyeji, atasikia habari za kijiji mstari kwa mstari, jioni atarudi na matope miguuni kama wao na kula bila haya. Siku mbili za kwanza yeye ni mtu wa kuangaliwa, amekalishwa kwenye kiti kizuri, watoto wamekatazwa kumsogelea. Ni siku ya tatu anapoanza kukaa nasi.

Nyumba ile ya Meksiko ililijua jembe. Walikuwako watu waliojitolea, wengine kutoka nchi za ng'ambo, waliokaa humo miezi mingi, wakipokea wageni na kuzitumikia shughuli za nyumba. Hao walikuja kama wageni wa siku mbili, wakapewa jembe. Hapa kwetu tumezuia pande zote mbili. Anayelipa hapewi jembe kwa sababu amelipa, naye huondoka bila kumjua hata mtu mmoja wa kijiji isipokuwa mlinzi. Asiyelipa hapewi jembe kwa sababu hakuingia. Yule mama wa Pasaka, tulipozungumza naye wakati wa kunywa chai, tulikuta ni mshonaji wa nguo mwenye mkono hodari. Alikaa hapa siku 11 mpaka mtoto alipopona, akilala kwa mwalimu mmoja wetu. Siku ya tatu mwenyewe aliomba sindano. Watoto 6 wa shule yetu wanavaa leo sare alizozitengeneza zilizokuwa zimepasuka. Akina mama wa kanisa wangaliweza kujifunza kwake katika ukumbi, jioni, bure. Walikuwa hawajui kama yupo.

Maandiko hatutayarudia hapa, maana wazee wetu wanayajua kuliko sisi. Wamehubiri mara nyingi habari za Ibrahimu aliyekimbia kuwapokea wageni watatu wakati wa jua kali, naye hakuwasomea bei. Tutasema haja zetu tu.

Twaomba chumba kimoja katika vile 10, kile kilicho karibu na lango, kisiwe na bei. Kiwe cha wale wenye wagonjwa hospitalini na wasafiri waliokwama, kwa siku chache, kwa kuandikwa jina katika daftari ili pasiwe na wizi wala uvivu. Sisi waalimu watatu tutatoa sabuni na mafuta kwa mwaka mzima, na akina mama 9 wa ngumbaru wamekwisha kubali kufua kwa zamu, tuliwauliza. Twaomba tena ukumbi uwe wazi jioni mbili kwa juma bila ada, na watu wa semina wakija kuukodi siku hizo wajulishwe kwamba wenyeji nao wataingia. Wakiona vibaya, waende hotelini, ziko nyingi mjini. Fedha yao tutaikosa; hatusemi uongo kwamba hatutaikosa.

Mkutano wa robo mwaka utakuwa Jumamosi ya pili ya mwezi ujao, na neno hili tumeliandika katika orodha ya mambo ya kuzungumzwa. Likifutwa, tutakuja vile vile. Ngumbaru wetu watakuja pamoja nasi, kila mtu na kigoda chake cha nyumbani ili kiti cha ukumbi kisichakae, na yule mzee ameahidi kuisoma mwenyewe barua yetu mbele ya halmashauri. Amekuwa akijizoeza chini ya mwembe kila jioni isiyo na mvua. Amefika mstari wa nne.